Ukitaka Kutengeneza Zana za Programu, Anza na Hitilafu za Wenzako

Wengi wanaotamani kutengeneza zana wanazotumia waandaaji wa programu (kompaila inayogeuza msimbo kuwa programu, debaga ya kusaka makosa, linta ya kukagua msimbo, au mfumo wa kutunza matoleo kama Git) huanza kwa kutafuta kitu cha kuandika. Hufungua orodha ya hitilafu, huchuja zenye lebo ya "good first issue", hukuta wenzao watano wameshaomba kazi ileile, na hapo moyo hupoa.

Ushauri wetu ni kuweka kalamu chini kwanza. Karibu kila mradi huria wa aina hii una upungufu wa watu wa kuthibitisha hitilafu zilizokwisha kuripotiwa na kuzipunguza, yaani kufupisha msimbo unaozionyesha. Mtu akileta mistari 4,000 na kusema kompaila inaanguka, mtunzaji wa mradi hana pa kuanzia. Ukimletea tatizo hilohilo kwa mistari 12, na komiti (badiliko lililohifadhiwa kwenye historia ya mradi) iliyolizaa, umembebea nusu ya mzigo, na jina lako atalikumbuka siku utakapoleta kiraka chako, yaani marekebisho ya msimbo.

Tuseme ni programu ya C. Ongeza `-save-temps` kwenye amri ya kompaila, upate faili moja ya `.i` isiyotegemea faili nyingine yoyote. Kisha andika skripti fupi inayorudisha 0 hitilafu inapoonekana na 1 isipoonekana, uikabidhi kwa C-Reduce au C-Vise. Zana hizi hufuta vipande vya faili kimoja baada ya kingine, zikiuliza skripti yako kila mara kama hitilafu bado ipo. Kosa la wageni wengi ni skripti inayouliza tu kama kompaila imeshindwa. Usiku kucha zana itapunguza, na asubuhi utakuta faili yenye mabano yasiyofungwa, maana hata hiyo kompaila inaikataa. Ndani ya skripti, tafuta kwa `grep` maneno yenyewe ya ujumbe wa kuanguka.

Hitilafu ya programu kutoa jibu baya kwa `-O2` (uboreshaji wa msimbo ukiwashwa) na jibu sahihi kwa `-O0` (ukizimwa) inahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu mara nyingi kosa ni la mwandishi wa programu. Lugha ya C haitoi ahadi yoyote pale namba kamili yenye alama ya chanya au hasi inapofurika, wala pale kigeu kinaposomwa kabla ya kupewa thamani, na kompaila ina ruhusa ya kuboresha msimbo kana kwamba mambo hayo hayatokei kamwe. Pitisha mfano wako kwenye `-Wall -Wextra`, halafu `-fsanitize=undefined`, kisha Valgrind (zana ya kukagua matumizi ya kumbukumbu), maana kipimo cha pili hakikamati vigeu visivyopewa thamani. Ukiruka hatua hii ripoti yako itafungwa, na itafungwa kwa haki.

Sasa tafuta komiti yenye lawama. `git bisect start`, kisha `git bisect bad`, kisha `git bisect good` pamoja na toleo la zamani lililokuwa zima, na mwisho `git bisect run` ikifuatwa na skripti. Git hugawa historia katikati kila mara: komiti 1,000 humalizika kwa majaribio kama 10, komiti 16,000 kwa kama 14. Hapa namba zinageuka, na wengi hunaswa: kwa C-Reduce 0 ni "hitilafu ipo", kwa `bisect` 0 ni "komiti hii ni nzima". Usitumie skripti moja kwa kazi zote mbili. Tena, ujenzi wenyewe ukishindwa rudisha 125, yaani "ruka komiti hii". Ukirudisha 1, Git itaihesabu kuwa mbovu na mwisho wa safari itamtaja mtu asiyehusika. Skripti iweke nje ya folda ya mradi.

Kwa anayelipia bando: `git clone --depth 1` ni nafuu, lakini haileti historia, kwa hiyo `bisect` haina cha kugawa. Tumia `--filter=blob:none`. Hiyo huleta komiti zote, na yaliyomo kwenye faili hupakuliwa yanapohitajika. Jua tu kwamba mtandao lazima uwepo wakati wa kugawa. Faida nyingine ni kwamba `git clone` ikikatika njiani huanza upya tangu mwanzo, na mzigo mdogo una nafasi kubwa ya kufika salama.

Kujenga mradi wenyewe ndiko kunakowashinda wengi. Mfano ni LLVM (mkusanyiko wa sehemu za kujengea kompaila), iliyoanza mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Illinois na ambayo Clang, kompaila ya C, imesimama juu yake. Kwenye kompyuta ya RAM GB 8, ujenzi wa aina ya Debug hukwama hatua ya kuunganisha faili za mwisho: kila linka inabeba taarifa nyingi za debaga, kadhaa zinakimbia pamoja, kumbukumbu inaisha, na Linux inaiua mojawapo. Unapopanga ujenzi kwa CMake, chagua `-G Ninja`, `-DCMAKE_BUILD_TYPE=Release`, `-DLLVM_ENABLE_ASSERTIONS=ON`, `-DLLVM_TARGETS_TO_BUILD=X86`, `-DLLVM_USE_LINKER=lld` na `-DLLVM_PARALLEL_LINK_JOBS=1`. Kama ccache (zana inayotunza matokeo ya ujenzi uliopita) ipo, ongeza `-DLLVM_CCACHE_BUILD=ON`. Usiache ile ya assertions: Release huzima ukaguzi wa ndani, na hitilafu ambayo ingejitangaza kwa ujumbe ulio wazi hupita kimya na kuharibu kitu mbele.

Kiraka kikija, anza na jaribio linaloshindwa bila kiraka na kupita kikiwepo. Badilisha jambo moja tu. Usinyooshe nafasi za mistari usiyoihusu. Amri ya `git clang-format` hugusa mistari uliyobadilisha peke yake. Kwenye ujumbe wa komiti eleza kwa nini, kwa kuwa "nini" inaonekana kwenye msimbo. Git na Linux hudai mstari wa Signed-off-by, unaowekwa na `git commit -s`. Huo ni uthibitisho kwamba una haki ya kutoa msimbo huo, kwa hiyo soma kwanza mkataba wako wa ajira. Mikataba mingine humpa mwajiri umiliki wa kila unachoandika, hata usiku nyumbani. Omba ruhusa kwa maandishi kabla ya kiraka cha kwanza.

Kisha subira. Kwenye LLVM ni kawaida kukumbusha kwa upole baada ya wiki moja. Kama mkaguzi wako yuko California, saa tatu asubuhi kwake ni saa moja usiku Nairobi na Dar es Salaam, au saa mbili usiku miezi ya baridi yao. Mna mzunguko mmoja kwa siku. Jibu maoni yake yote kwa pamoja kabla ya magharibi. Ukijibu moja moja utapoteza wiki.

Anayeona kazi ya kufuatilia hitilafu ni ya chini amtazame Andres Freund, mwandaaji wa hifadhidata ya PostgreSQL. Machi 2024 aliona kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) kunachelewa kama nusu sekunde, akakumbuka pia malalamiko ya Valgrind, akafuatilia mpaka akafika kwenye mlango wa siri uliopandikizwa ndani ya xz, zana ya kubana faili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1.

Kuhusu malipo, Outreachy, mpango wa mafunzo kwa vitendo kwenye miradi huria, hutoa dola 7,000 kwa miezi mitatu, na wakati wa maombi wanataka uwe umeshachangia kwenye mradi wenyewe. Google Summer of Code, iliyoanza 2005, hupanga posho kulingana na nchi. Kwa ajira ya kudumu, weka juu kabisa ya wasifu wako viungo vitatu: ripoti moja uliyoipunguza, komiti moja uliyoinasa kwa `bisect`, na kiraka kimoja kilichokubaliwa pamoja na mjadala wake wa ukaguzi. Mjadala usiufute hata kama ulikosolewa vikali, kwa sababu anayeajiri watu wa kompaila huusoma kuona unavyopokea marekebisho.