Jenereta na pikipiki vinakunywa dumu moja

Mkuu, umeuliza ununue jenereta la ukubwa gani kabla ya masika, maana uko Mbagala, Dar, una friji, watoto wawili na gari dogo la Vitz. Nakujibu kwa yaliyonikuta mimi Nangurukuru, Kilwa, Mei 2024 kilipopita kimbunga Hidaya.

TMA, mamlaka ya hali ya hewa, walitangaza mapema, hilo siwezi kuwalaumu. Nikajaza dumu la lita 20, nikajiona mjanja. Umeme ulipokatika usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 4, nikawasha mashine: friza ya samaki ya mke wangu, taa zote, televisheni, na majirani wakaja na simu zao hadi nikatandaza ekstensheni barazani. Lile jenereta la kVA 2.5 lilikuwa linakula kama lita moja kwa saa. Jumapili asubuhi ukiligonga dumu linalia tupu.

Mchana mtoto wa dada akapandwa na homa. Pikipiki ninayo, tenki limebaki harufu. Kituo cha mafuta kipo, ila pampu zake zinataka umeme. Barabara ya Dar imekatika Somanga, malori yamelala huko. Petroli ikawa inauzwa kwenye chupa za maji. Nilinunua lita mbili kwa bei ambayo mke wangu hajaijua mpaka leo. (Mtoto alipona.)

Kilichoniuma zaidi ni kwamba friza haikuhitaji yote yale. Ikiwa imejaa na hufungui mlango, inashika ubaridi hata siku mbili. Kuiwasha kwa muda wa saa mbili asubuhi na saa mbili nyingine jioni kungetosha kabisa.

Kwa hiyo usianze na jenereta. Anza na betri. Sasa nina betri ya N100 (volti 12, ampea-saa 100) na paneli ya sola ya wati 150. Betri hiyo ina kama wati-saa 1,200, lakini hizi za maji ya asidi usizishushe chini ya nusu, kwa hiyo hesabu 600. Taa tatu za wati 7 kwa saa tano ni 105, simu sita kama 90. Unalala ukiwa na akiba. Ila jua la kimbunga ni jina tu, hakikisha betri imejaa kabla, na paneli uishushe upepo haujaanza.

Ukiamua kununua jenereta hata hivyo, likae nje mbali na madirisha. Moshi wake unaua watu usingizini, sawa na jiko la mkaa ndani. Na usichomeke kwenye soketi ya ukutani kama wanavyofanya wengine. Mwite fundi afunge chenjiova, yaani swichi inayotenganisha jenereta na umeme wa TANESCO, la sivyo umeme unarudi kwenye nguzo na kumkuta fundi aliyepanda kukutengenezea.

Vitz ipeleke mwinukoni mvua ikiwa bado mawinguni. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 30 yanatosha kuielesha gari ndogo na kuisukuma. Ikikuzimikia majini usipige staa tena, injini ikishavuta maji konrodi zinapinda, hapo andaa hela ya injini nyingine.

Umeme wa LUKU nunua mapema, na weka noti ndogondogo ndani, mtandao ukilala hakuna wa kukutumia pesa.

Siku hizi nina madumu mawili. Lenye kitambaa chekundu ni la pikipiki, na ufunguo wa stoo anao mke wangu.