Bado nina kinyongo: niende kuungama?

Swali la juma hili lilikuwa: "Mungu atanisamehe Kwaresima hii ikiwa mimi bado sijamsamehe aliyenitendea ubaya?"

Jibu langu ni ndiyo, ingawa najua wengi watamwonyesha muulizaji Mathayo 6:15, pale Yesu anaposema kwamba tusipowasamehe watu, Baba naye hatatusamehe. Sitaipunguza makali aya hiyo. Ila Yesu huyohuyo alitoa mfano katika Mathayo 18, ambao Kanisa Katoliki husoma Jumanne ya juma la 3 la Kwaresima, na ukiusoma polepole utaona nani aliyeanza kusamehe.

Mtumwa anadaiwa na mfalme wake talanta 10,000. Talanta moja ilikaribia dinari 6,000, na dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Kulimaliza deni lile angehitaji miaka zaidi ya 160,000. Naye anaomba muda tu: nivumilie, nitalipa yote. (Angelipa na nini?) Mfalme hampi muda, anamfutia deni zima, wala hamuulizi kwanza kama naye ana wadeni wake na anawatendeaje. Kosa la mtumwa linakuja baadaye, anapotoka na kumkaba koo mwenzake kwa dinari 100, huku mwenzake akimsihi kwa maneno karibu yaleyale.

Kwangu, kuumia si kukaba koo. Mtu aliyedhulumiwa au kusingiziwa, ambaye akisikia tu jina la mbaya wake roho inamruka, huyo hajamkaba mtu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2843, inakiri kwamba hatuna uwezo wa kutohisi kosa wala kulisahau. Anayekaba ni yule anayepanga kulipiza kisasi, au anayeombea mwenzake aanguke. Aya ile imwogopeshe huyo.

Tena kusamehe si kurudi kuishi na anayekupiga, wala si lazima ufute kesi. Hili halisemwi vya kutosha mimbarini, hasa kwa wanawake. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, alipompokea Yesu nyumbani kwake aliahidi kuwarudishia mara 4 wale aliowadhulumu, na Yesu hakumwambia aache.

Kwa hiyo muulizaji asingoje moyo upoe ndipo aende. Kama ni Mkatoliki, akiungame hicho kinyongo kwa padre pamoja na dhambi zake nyingine. Kama ni wa kanisa jingine, akiseme katika sala jinsi kilivyo, bila kukipamba. Na maneno yakimshinda, atazame Luka 23:34. Pale msalabani Yesu hakuwaambia watesi wake "nimewasamehe". Alimwomba Baba awasamehe. Asiyeweza kusema "nimemsamehe" aanzie hapo: Baba, msamehe wewe, mimi bado sijaweza.