Jibu kwa mdau aliyeuliza: je, tafiti za vyuo vikuu huwafikia wafanyabiashara?

Mkuu, umeuliza kama tafiti za vyuo vikuu zinatufikia sisi wafanyabiashara au zinaishia makabatini. Nakujibu kwa niliyoyapitia. Nina duka la dawa za mifugo Kongwa, na sehemu kubwa ya kipato changu inatokana na utafiti mmoja wa chuo kikuu.

Zamani nilikuwa nauza chanjo ya mdondo, ugonjwa wa virusi unaoua kuku, inayotaka baridi muda wote, chupa moja dozi 1,000. Sasa mama mwenye kuku 12 aifanyie nini? Umeme ukikatika kutwa nzima, namwaga.

Ikaja chanjo nyingine ya mdondo, inaitwa I-2. Hii ni kazi ya Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Walitafuta kirusi cha mdondo kisicho na ukali, kinachohimili joto. Ikiwa imekaushwa na kuwekwa gizani, inadumu wiki 8 kwenye nyuzi 28. Mbegu yake, yaani kirusi cha kuanzia kutengenezea chanjo, maabara za nchi zetu zilipewa bila kudaiwa mrabaha, ndiyo maana leo inatengenezwa hapa hapa Tanzania.

Lakini msimu wa kwanza niliipanga rafuni na haikununuliwa. Watu walikuwa wanakuja kuku wakishaanza kufa, wanachanja, kuku wanaendelea kufa, halafu wanasema chanjo ni feki. Mimi mwenyewe sikuwa na la kuwajibu.

Aliyenifungua macho ni mtafiti mmoja aliyekaa nasi kijijini siku tatu. Alimshika kuku, akamlaza ubavu, akadondosha tone moja jichoni, akangoja apepese ndipo amwachie. Akatueleza kwamba chanjo haimponyi kuku aliyekwisha kuambukizwa, na kwamba kinga inapungua, hivyo lazima urudie kila miezi minne. Hayo yote yalikuwa kwenye karatasi ya maelekezo, lakini nani alikuwa ameisoma?

Tangu hapo niliacha kuuza chupa, nikauza huduma. Vijana wawili wenye baiskeli wanapita nyumba kwa nyumba wakichanja alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa, Januari, Mei na Septemba, na mwenye kuku analipia kila kichwa. Mpango huo tuliubuni wenyewe, ila bila zile siku tatu nisingeujua. Ukienda chuoni kuulizia teknolojia, kabrasha watakupa. Waombe na mtu wa kuja nawe.