Bibi kizee wa barazani: jinsi ya kutengeneza sanamu ya Halloween inayogeuza shingo

Ndugu zangu mlioko huku Marekani, najua watoto washaanza kuwasumbua na Halloween, ule usiku wa Oktoba 31 wa kupita nyumba kwa nyumba kuomba pipi, na ukienda dukani ukiuliza sanamu inayojongea bei yake unarudi nyumbani mikono mitupu. Mimi niko Ohio, mwaka wa tatu huu natengeneza mwenyewe. Wa kwangu ni bibi kizee, kakaa kwenye kiti barazani, unapanda ngazi anakugeuzia shingo polepoleee. Hapigi kelele wala haruki, na watu wazima wanashuka ngazi mbio.

Nguvu yote iko kwenye huo upole. Kitu kikienda harakaharaka mtu anajua hiyo ni mashine.

Tafuta mota ya waipa ya gari, nenda kwenye yadi ya magari mabovu. Ina gia ndani tayari, inatumia volti 12. Mwaka wa kwanza niliiwekea adapta ndogo ya ampea 1 ikawa inastuka inazima, inastuka inazima, nikajua mota imekufa, kumbe ikianza kuzunguka inavuta umeme mwingi sana, kwa hiyo anzia ampea 5 kwenda juu. Au chukua pawa saplai ya kompyuta ya zamani ya mezani, unaunganisha waya wa kijani na mweusi inawaka, afu njano inakupa volti 12, nyekundu volti 5. Mpe bibi hizo 5. Kwenye 12 alikuwa anatikisa kichwa kama mtoto anayekataa uji, kwenye 5 anageuka kama mtu aliyesikia anaitwa. Ila boksi lenyewe usilifungue hata kama umechomoa plagi, ndani mna kapasita zinabaki na umeme.

Shingo ni bomba la PVC la nusu inchi linalozunguka ndani ya bomba la inchi 1. La robo tatu usinunue, haliingii, nene mno kwa nje. Kwenye shingo funga mkono wa bapa la chuma wa inchi 4, kwenye mota mkono wa inchi 2, afu unganisha hiyo mikono miwili kwa fimbo. Mota inazunguka mzima mzima lakini shingo inaenda kama nyuzi 30 kulia na 30 kushoto, inarudi. Mkono wa mota ukiwa mrefu kuliko wa shingoni itakwama, na mota haina huruma, bomba langu la kwanza lilipasuka.

Na nati jamani! Nunua zile zenye duara la plastiki ndani. Tarehe 31 saa moja na nusu jioni, watoto ndo wanamiminika, nikasikia kitu kimelia ting kwenye mbao za baraza, nati ya kawaida imejifungua yenyewe, bibi kabaki kaangalia ukuta. Nilipiga magoti na tochi ya simu naitafuta kwenye majani makavu, muda wote mzuri ukapita hivyo, na wanangu walikuwa wamesubiri ule usiku mwezi mzima.

Kichwa tumia kile cha foam cha kuwekea wigi, ni chepesi, mota haichoki. Koti na shali za mtumba zinatosha, ila mota ifunike na ndoo maana shali ikinaswa inajiviringisha yote. Nje tumia plagi ya GFCI, ile inayojikata yenyewe, maana Oktoba mvua haina taarifa.

Mwisho weka swichi ya mkono karibu na bakuli la pipi. Wapo watoto wa miaka mitatu minne wanapanda huku wameng'ang'ania vidole vya mama yao, nikiwaona tu nazima, bibi anatulia, wanachagua pipi zao taratibu, wakishafika barabarani nawasha tena.