Mwanafunzi wa uuguzi, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ni yako pia

Juzi mwanafunzi wa uuguzi hapa Dodoma aliniandikia: "Dada, shikamoo. ECG inanitoa machozi. Tunaambiwa tujue kubandika nyaya zake tu, kusoma ni kazi ya daktari."

Iliniuma. Niliambiwa maneno hayo hayo mbele ya darasa zima nilipouliza kwa nini QRS za mgonjwa wangu, yale mawimbi yenye ncha ya vyumba vya chini vya moyo, ni pana. Nilijibiwa nikatandike vitanda. Aliyenijibu nikikutana naye mjini namwamkia kwa adabu, lakini jibu lile halijanitoka.

Hasira ile ilinisukuma kusoma. Niliomba karatasi za ECG za kujifunzia, zisizo na majina, nikakaa nazo hosteli na rula. Karatasi hutembea milimita 25 kwa sekunde, hivyo kijisanduku kidogo ni sekunde 0.04 na kikubwa 0.2. Mapigo yakiwa na mpangilio, chukua 300 ugawe kwa visanduku vikubwa vilivyo kati ya QRS mbili, upate mapigo kwa dakika. Mdogo wangu, usikariri picha. Tafuta P kwanza, kile kilima kidogo cha vyumba vya juu vya moyo. Ipo? QRS inaifuata kila mara? Kutoka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS ni visanduku vidogo 3 hadi 5?

Hivi karibuni, zamu ya usiku, tulimpokea mzee aliyeanguka shambani kwa kizunguzungu. Monita ilisoma mapigo 34 kwa dakika. Nikatafuta P: zilikuwepo nyingi, zimepangika. QRS nazo zimepangika, lakini chache na pana, na hazikuwa na habari na zile P. Umeme wa juu haukuwa unafika chini, ventrikali, yaani vyumba vya chini, zimebaki kujiendesha kwa mwendo wao wa 20 hadi 40 kwa dakika. Nikampigia daktari: "Dokta, ni bloku ya daraja la tatu, presha inashuka." Alifika mbio. Mzee akapewa rufaa, akawekewa pesimeka, kifaa kinachoupigisha moyo kwa umeme, au betri ya moyo kama wanawe wanavyoiita. Najivunia usiku ule, sifichi.

Kwenye pesimeka ndipo wengi mnapotetemeka. Ikituma umeme, karatasi huonyesha kistari chembamba kilichosimama wima. Ikiwa waya uko kwenye ventrikali, kistari kifuatwe na QRS pana. Ukiwa kwenye atria, vyumba vya juu, kifuatwe na P. Kistari kikitokea peke yake bila kufuatwa na kitu, moyo haujaitika: huenda waya umesogea, betri imechoka au potasiamu imevurugika. Vistari vikidondoka ovyo katikati ya mapigo ya mgonjwa mwenyewe, mashine haiyaoni. Usipoona kistari kabisa, usikimbilie kusema imekufa. Moyo ukipiga wenyewe juu ya kiwango kilichowekwa, pesimeka hunyamaza, na ndivyo inavyotakiwa. Kwenye baadhi ya mashine kistari ni kidogo mno hata hakionekani.

Halafu shika mkono wa mgonjwa. Monita inaweza kuhesabu vistari kama mapigo, ikakuandikia 70 wakati mapigo halisi ni nusu yake. Muuguzi anayetazama kioo bila kugusa mtu hajafanya kazi yake, hata awe na vyeti vingapi. Gusa mapigo, ndipo usome karatasi. Na ukishaisoma, sema ulichokiona kwa sauti. Wapo watakaokukata kauli, sema tena.

Siku ya kuruhusiwa, kaa na mgonjwa umwelekeze, usimwachie karatasi tu. Huku kwetu wengi ni wakulima, basi zungumza naye habari za shamba: wiki za mwanzo mkono wa upande wenye kifaa usipande juu ya bega, kwa hiyo jembe na kupogoa mizabibu wafanye wengine. Ajifunze kuhesabu mapigo yake kwa dakika nzima, ajue kiwango alichowekewa. Yakishuka chini ya hapo, kizunguzungu kikirudi au kidonda kikivimba na kutoa usaha, aje siku hiyo hiyo, asingoje tarehe ya kliniki.