Maswali yenu: Ukanda wa kijani umepita juu ya shamba la baba

*Shikamoo mama. Mimi ni mkulima wa Muheza, huku juu Usambara Mashariki. Kijiji chetu kinaandaa mpango wa matumizi ya ardhi, na wataalamu wa halmashauri wamebandika rasimu ya ramani ofisini kwa mtendaji. Kuna ukanda wa kijani unaotoka msitu wa hifadhi kwenda kwenye msitu mdogo wa kijiji, na umepita juu ya ekari mbili alizotuachia marehemu baba: iliki, migomba na mdalasini. Pembeni wameandika "fursa ya kuimarisha bioanuai", yaani wingi wa aina za viumbe. Mkutano mkuu wa kijiji ni mwezi ujao. Nipinge?*

Marahaba, mwanangu. Ukanda wenyewe uunge mkono. Unachotakiwa kukihoji ni mahali mstari ulipopita, na hilo mkutano mkuu unaweza kulibadilisha kabla mpango haujapitishwa. Baada ya hapo itakuwa kazi ngumu.

Nimetumikia idara ya ardhi wilayani hadi kustaafu. Ramani nyingi tulizochora zilionyesha kilichopo tu: msitu, mashamba, barabara, zahanati. Hiyo ya kwenu inauliza zaidi ya hapo, yaani miti ikirudi mahali fulani, kipi kitaungana na kipi? Kwa milima yetu hili ni swali la kufa na kupona. Mtafiti William Newmark alinasa ndege kwa nyavu katika vipande vya msitu wa Usambara Mashariki, akachapisha matokeo mwaka 1991. Ndege wanaoishi chini kabisa, wale wanaotafuta wadudu kwenye kivuli karibu na ardhi, wengi wao hawathubutu kuvuka mahali peupe. Kwa hiyo kipande kidogo kilichojitenga kinapoteza aina moja baada ya nyingine hata kama hakuna anayekata mti.

Mwaka 2017 yeye na wenzake walipanga ni mapengo yapi kati ya misitu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu ambayo Usambara yetu imo, yanafaa kuzibwa kwanza. Jumla ilikuja hekta 8,000 na ushee. Ukitaka kujua hizo ni kiasi gani, Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani peke yake ina hekta zaidi ya 8,300. Safu nzima ya milima ingenufaika sana kwa eneo lisilofika hata Amani moja, mradi tu miti iote mahali panapostahili. Ndiyo maana wamekodolea macho ekari zako mbili wakaacha mashamba mengine makubwa. Ziko katikati ya misitu miwili.

Sasa mstari wenyewe. Kwa uzoefu wangu, rasimu ya kwanza hutokana na picha za setilaiti, na kompyuta hupenda njia fupi. Kompyuta haijui kwamba pale pana korongo ambalo hakuna anayelima, wala kwamba kijito kile hakikauki hata Januari. Wewe unajua. Kama kuna kijito kinachopita kati ya misitu hiyo, hata kikizunguka kidogo, omba ukanda ukifuate. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 tayari inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, kwa hiyo kijiji kinaupata ukanda wake bila kumnyang'anya mtu shamba halali. Na maji ya huko kwenu mengi yanashuka mto Zigi hadi bwawa la Mabayani, na ndiyo wanayokunywa watu wa Tanga mjini. Ukisimama mkutanoni, lisemee hilo kwa sauti. Afisa wa mkoa ambaye hajawahi kumwonea huruma ndege atasikia habari za maji.

Kabla ya mkutano, iombe kamati ya matumizi ya ardhi mtembee ukanda wote kwa miguu, mwanzo hadi mwisho. Msiende wanaume na mtendaji tu. Wachukueni akina mama wanaookota kuni, waganga wanaochimba mizizi, na wazee waliowinda zamani. Hao ndio wanaojua wanyama wanapita wapi. Mkifika mpakani, angalieni upande wa pili. Ukanda wenu ukiishia kwenye shamba la mahindi la kijiji jirani, kazi ni bure, na hapo ndipo halmashauri inapaswa kuziweka ramani za vijiji vyote mezani pamoja. Lidai hilo. Wataalamu huwa wanalisahau kwa sababu kila kijiji kina faili lake.

Kuhusu haki yako, unajua historia ya msitu wa Derema, ni jirani zako. Wakulima wa iliki walilipwa fidia ya mazao ili msitu ule uunganishwe na mingine, lakini malipo yalichelewa miaka, na wapo walioona hawakutendewa haki. Msitu ulifaidika, na manung'uniko yalibaki. Kwa hiyo kama sehemu ya shamba itabaki ndani ya ukanda, iandikwe kwenye muhtasari wa mkutano: inakuwa ardhi ya jumuiya kwa fidia, au inabaki yako kwa hatimiliki ya kimila yenye masharti? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua vyote viwili. Mimi ningechagua ibaki yako. Migomba na mdalasini havina ugomvi na ndege, ukichanganya na msambu, mvule na mkuyu. Msambu hata mbegu zake huuzwa kwa ajili ya mafuta.

Iliki ndiyo italeta ubishi. Tunaisifu kwa kuwa inataka kivuli, lakini tunapofyeka miche yote ya chini ili istawi, msitu unazeeka bila watoto. Acha miche ya asili isimame kati ya mashina, hata kama mavuno yatapungua kidogo. Na ukiletewa miche ya bure ya *Maesopsis eminii* kwa sababu inakua haraka, ikatae. Ilipandwa Amani enzi za ukoloni, hondohondo wakala matunda na kuzitawanya mbegu, na leo imejaa kila penye uwazi msituni.

*Mimi ni mwenyekiti wa mtaa, Tanga mjini. Tumeambiwa tuorodheshe maeneo ya asili kwa ajili ya mpango kabambe, ule mpango mkuu wa kuendeleza mji. Mtaa wetu hauna msitu. Tuandike nini, dada?*

Andikeni makaburi ya zamani, ndugu yangu. Mara nyingi miti mikubwa ya mjini imesalia huko kwa sababu watu wanaheshimu wafu. Mbuyu huchanua usiku na popo ndio wanaouchavusha, kwa hiyo mbuyu mmoja makaburini na mwingine uwanja wa shule tayari ni njia ya popo. Ongezeni mabonde yanayotuama maji ya mvua, kingo za mifereji, na mikoko kama mtaa unagusa bahari. Kila eneo liwe na mipaka na namba ya kiwanja. Kiwanja cha wazi kisicho na namba nimekiona kikigeuka gereji, na hakuna aliyeweza kuthibitisha kilikuwa cha umma.

*Je, GPS ya simu inatosha, au lazima tumlipe mpima?*

Kwa kuweka alama za chemchemi, miti mikubwa na vichochoro vya wanyama, simu inatosha. Inaweza kukosea mita chache, si neno. Mipaka ya ardhi ya mtu ni ya mpima, msijaribu wenyewe. Na mkikuta yale maua ya Usambara ya zambarau kwenye miamba yenye kivuli, *Saintpaulia*, yatieni kwenye daftari la kamati lakini msionyeshe mahali kamili kwenye ramani ya ukutani. Yanauzwa kwenye vyungu dunia nzima tangu Mjerumani mmoja aliyetawala Tanga alipoyapeleka kwao mwishoni mwa karne ya 19, na mahali yanapoota porini ni pachache mno. Kwenye ramani ya ukutani wekeni rangi ya ukanda tu.