Pumzi Imekubali, Ugoko Umekataa: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kuanza Kukimbia Ukiwa na Uzito Mkubwa

SWALI: Wahariri, hamjambo. Nina miaka 38, uzito kilo 112, urefu mita 1.65. Nilijiunga na kikundi cha jogging mtaani kwetu, Jumamosi na Jumapili alfajiri, kilomita tano kila siku. Kufika wiki ya tatu pumzi ilianza kukubali, lakini nikawa naumwa ugoko, kuanzia katikati kushuka chini. Nimeacha. Nianzeje upya bila kuumia?
*Msomaji, Temeke, Dar es Salaam*

JIBU: Dada yetu, pole. Moyo, mapafu na misuli huzoea kazi mpya ndani ya wiki chache; mifupa na kano huchukua miezi. Ndiyo maana ulijisikia una nguvu za kuendelea wakati mfupa wa ugoko ulikuwa bado kabisa. Ukitembea, kila mguu unapokanyaga hupokea mzigo unaozidi uzito wako kidogo tu. Ukikimbia, hupokea mara mbili hadi tatu. Kwa kilo 112 hiyo ni kati ya kilo 224 na 336, hatua baada ya hatua, na kilomita tano kwa siku mbili mfululizo haziuachii mfupa muda wa kujijenga. Dozi ile ilikuwa ya mtu mwingine.

Kabla ya yote, pitisha kidole taratibu juu ya mfupa wa ugoko. Maumivu yakienea sehemu ndefu, huwa ni uchovu wa mfupa na nyama zinazoushikilia, na yatatulia ukipumzika. Yakiwa sehemu moja ndogo unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, au yakikuuma hata umelala, usikimbie. Nenda hospitali uchunguzwe, maana mfupa unaweza kuwa umepata ufa, na ufa wa aina hii mara nyingi hauonekani kwenye picha ya eksirei ya wiki za mwanzo. Mweleze daktari kwamba ulikuwa unakimbia.

Ukishapona, anza kwa kutembea. Wiki ya kwanza tembea dakika 20, siku nne. Kila wiki ongeza dakika tano mpaka ufike dakika 40, yaani wiki ya tano. Wiki mbili za mwanzo nenda mwendo wako wa kawaida, kisha kaza kama mtu anayewahi daladala. Usiruke hatua hii kwa sababu unaiona rahisi. Hapa ndipo kifundo, goti na nyonga zinapoandaliwa. Ruhusa ya kukimbia inapatikana siku utakapomaliza wiki nzima ya dakika 40, ukaamka kila asubuhi bila maumivu mapya.

Mbio zenyewe huwekwa ndani ya matembezi. Tembea dakika 10 za kupasha mwili. Kisha mchakamchaka sekunde 30, tembea dakika mbili, rudia mara sita. Malizia kwa kutembea dakika tano. Jumla ni nusu saa. Fanya siku tatu kwa wiki, na baina yake iwepo siku moja ya kupumzika: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa mfano. Baki hapo wiki mbili, hata kama unaona unaweza zaidi. Wiki mbili zinazofuata rudia mara nane. Baada ya hapo kimbia sekunde 45 na utembee dakika mbili, halafu kimbia dakika moja utembee mbili, kimbia moja utembee moja na nusu, na mwisho kimbia moja utembee moja, kila ngazi wiki mbili. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukiongeza muda wa kukimbia, usipunguze muda wa kutembea wiki hiyo hiyo.

Ukihesabu na zile wiki za kutembea, ni kama miezi minne mpaka ufike dakika moja ya kukimbia kwa moja ya kutembea. Tunajua ni muda mrefu. Lakini mtu anayefika hapo akiwa mzima ana nafasi kubwa ya kuendelea, na anayeumia wiki ya tatu kwa kawaida harudi tena.

Kasi iwe ile inayokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukatika. Ukishindwa, punguza, hata ikiwa anayetembea kando yako anakupita. Hatua ziwe fupi, mguu utue chini ya mwili badala ya kurushwa mbele. Hesabu mguu wa kulia unavyokanyaga kwa sekunde 30: ukipata 37, jaribu 39 au 40 kwa kasi ile ile. Ongezeko hilo dogo hupunguza mzigo wa goti kwa namna utakayoihisi.

Kuhusu maumivu, yapime kwa alama 0 hadi 10. Mbili au tatu zinazoisha kufikia asubuhi, endelea. Zikizidi hapo, au ukichechemea kesho yake, rudi ngazi moja nyuma kwa wiki nzima. Kisigino kinachouma hatua za kwanza ukitoka kitandani ni dalili ya mshipa wa chini ya unyayo. Usiubishie.

Mara mbili kwa wiki, siku zisizo za mbio, keti kwenye kiti na usimame bila kushika popote, mara 10, raundi tatu. Kisha shika ukuta, nyanyuka kwa vidole vya miguu na ushuke ukihesabu hadi tatu, mara 12, raundi tatu. Vigimbi vyenye nguvu huupunguzia ugoko kazi.

Uwanja wa mpira wa shule au barabara ya vumbi iliyoshindiliwa vinafaa. Ufukweni kimbia maji yakiwa yamekupwa na mchanga umekuwa mgumu, na urudi kwa njia ile ile ili mteremko wa ufuo usiuonee mguu mmoja. Mchanga laini unaitesa kano ya kisigino. Uache kwa miezi hii. Na kuanzia Desemba hadi Machi, Dar ikiwa na joto lake, uwe umemaliza kabla ya saa moja asubuhi. Mwili mkubwa hutoa joto kwa shida zaidi.

SWALI: Nina miaka 52, kilo 124. Nameza atenolol ya presha na glibenclamide ya sukari. Kijana wangu amenipa saa inayoonyesha mapigo ya moyo. Nifuate saa hiyo?
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Hapana mzee wetu, usiifuate. Atenolol huyazuia mapigo yasipande, kwa hiyo saa itakuonyesha uko chini hali mwili umeshachoka. Tumia kipimo cha kuongea tulichomweleza dada hapo juu.

Kwanza umwone daktari, akupime presha, sukari na umeme wa moyo, na akague nyayo. Presha ikiwa 160 kwa 100 au zaidi, baki kwenye kutembea taratibu mpaka dawa zirekebishwe. Ikifika 180 kwa 110, siku hiyo ni ya hospitali. Usiache dawa kwa kuwa umeanza mazoezi.

Kwako hatari kubwa ni sukari kushuka. Glibenclamide hushusha sukari, mazoezi nayo huishusha, na huweza kuendelea kushuka saa kadhaa baada ya kumaliza. Kuna jambo la kuzingatia sana: atenolol huficha kutetemeka na moyo kwenda mbio, zile dalili ambazo wengi huzitegemea. Linabaki jasho, na mtu anayekimbia ana jasho tayari. Kwa hiyo pima kwa mashine kabla na baada. Ikiwa chini ya 5.6 (mmol/L), kula ndizi mbivu moja na usubiri dakika 15. Ikizidi 16, au unajisikia mgonjwa, ahirisha. Mfukoni weka sukari iliyofungwa kwenye karatasi au juisi ndogo, na usiende peke yako. Kila ukirudi, kagua nyayo na katikati ya vidole, kwa kioo ikibidi: lengelenge usilolihisi ndilo linalogeuka kidonda.

Kubanwa kifua, maumivu yanayopanda shingoni au kushuka mkononi, kizunguzungu, au kukosa pumzi hata ukisimama: acha papo hapo na upelekwe hospitali.

Vilima vya Mwanza viache kwanza, hasa kushuka, maana ndiko magoti hulipa.

SWALI: Raba za mtumba zinafaa? Na mapaja yanachubuka mpaka natoka damu.
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Mtumba unafaa ukijua kuukagua. Bonyeza povu la soli kwa dole gumba: lisipobonyea, au likiwa na mikunjo mingi ubavuni, limekufa, hata kama juu ni kama kipya. Weka pea mezani na uitazame kwa nyuma. Ikilalia upande mmoja, iache. Ikunje: ipindike penye vidole, si katikati. Vuta soli kidogo uone gundi. Nenda sokoni jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na ubakize upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu. Chini ya mtu mzito povu huchoka mapema, kwa hiyo likague kila mwezi.

Kuhusu mapaja, vaa taiti inayokaribia goti, hata chini ya sketi au baibui, na upake mafuta ya mgando ndani ya mapaja, chini ya matiti na kwapani kabla ya kutoka. Pamba tupu hushika jasho na kukwangua. Sidiria iwe ya michezo na ikukae barabara. Palipochubuka osha, kausha, pumzisha. Pakiwa pekundu, pana unyevu na muwasho usioisha, huenda ni fangasi, na mafuta ya mgando hayatatibu, ulizia dawa.

SWALI: Kufunga tumbo kwa nailoni wakati wa kukimbia kunayeyusha mafuta?
*Msomaji, Dodoma*

JIBU: Hakuyeyushi. Mzani ukishuka kilo moja baada ya mazoezi, ni lita moja ya maji uliyotoa kwa jasho, na itarudi ukinywa. Nailoni huzuia jasho kukauka, na kukauka kwa jasho ndiko kunakoupoza mwili. Mtu mwenye uzito mkubwa akijifunga hivyo juani anaweza kuzimia kwa joto, na joto hilo huua. Ivue, vaa nguo nyepesi iliyolegea, kunywa maji kila usikiapo kiu. Tumbo litapungua kwa sahani na kwa kikombe: soda moja ya mililita 350 ina takriban kalori 140, na mtu wa kilo 110 hutumia karibu kalori 110 kukimbia kilomita moja.